Senti ya Mhindi

Nikisema nimechoshwa na sarafu za kale za Kimarekani, nisieleweke vibaya: sijawahi kuwa nayo hata moja. Zilikuwa za Mzee Alimohamed wa ghorofa ya tisa. Lakini meza ambayo zilikuwa zikitandazwa juu yake ni yangu, chai iliyokuwa ikinywewa kando yake ni yangu, na mwanamume aliyekuwa akisinzia mbele yake ni mume wangu wa ndoa.

Naitwa Philomena, mtu wa Lushoto. Kazi yangu hapa Toronto ni kuwaogesha na kuwavalisha wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, kazi ambayo ukimaliza zamu hutaki kumwona mzee mwingine mpaka kesho yake. Mimi Jumamosi nikirudi hoi, viatu mkononi, nawakuta wawili sebuleni. Mmoja ni Thobias, niliyeapa kanisani kumvumilia. Wa pili ni Mzee Ali, ambaye sikuapa popote.

Walikutana kwenye lifti ya jengo letu hapa mtaa wa Agincourt. Lifti ilikwama, kama kawaida yake, na Thobias, akidhani Kiswahili chake hakuna atakayekielewa, akaitukana: "Lifti shenzi hii!" Nyuma yake sauti ikajibu, "Shenzi kabisa, bwana. Na jana ilikuwa hivi hivi." Kugeuka, ni mzee wa Kihindi, mwembamba, koti limemzidi urefu, kashika mfuko wa ndizi. Mpaka fundi anafika, walikuwa wamekwisha kugundua kwamba wote wawili ni watu wa Muheza. Baba yake Ali alikuwa na duka karibu na stesheni ya reli, na Thobias akadai kwamba utotoni alitumwa mafuta ya taa kwenye duka hilo hilo akapunjwa.

"Hukupunjwa," Ali alimwambia. "Uliyamwaga njiani ukaogopa kuchapwa."

Ugomvi huo wa mafuta ya taa waliuendeleza kwa miaka na miaka. Haukuwahi kuisha, kwa sababu hakuna kati yao aliyetaka uishe.

Na sarafu nazo zilianzia kwenye duka hilo. Siku moja, Ali akiwa mdogo, ilionekana kwenye droo ya fedha senti ngeni ya shaba, isiyo na tundu katikati kama senti zetu za wakati ule. Labda baharia alishuka nayo Tanga ikapita mkono kwa mkono, nani ajuaye. Upande mmoja ilikuwa na kichwa cha mtu aliyevaa taji la manyoya ya ndege. Karani wa dukani, Mgoa, akaitazama akasema hii ni ya Amerika, inaitwa senti ya Mhindi. Alimaanisha wenyeji wa Amerika, wale ambao Wazungu waliwaita Wahindi kwa kupotea njia. Lakini mtoto atajuaje? Ali alikuwa akiitwa Mhindi sokoni, Mhindi njiani, Mhindi kwenye mpira akikosa goli. Akaamini kwamba iko nchi duniani iliyomweka Mhindi kwenye pesa yake. Akawa analala na senti ile chini ya mto.

Baadaye duka likaenda, nyumba ikaenda, na familia ikaja huku na masanduku machache. Senti ilibaki, hajui wapi. Toronto alipata kazi ya kukaa kwenye kibanda cha maegesho ya magari katikati ya mji, akipokea hela kupitia kidirisha, baridi ikimpiga mkono mmoja tu, wa kulia. Mpaka uzeeni mkono huo ulikuwa ukimuuma peke yake. Basi siku moja, ndani ya chenji aliyopewa na mtu, akaiona tena: kichwa kile, manyoya yale. Aliniambia alilia pale kibandani mpaka mwenye gari akamuuliza kama anaumwa.

Tangu hapo akawa mtu wa sarafu. Hakutaka dola za fedha za kujionyesha. Alitaka senti za Mhindi tu, zile za karne ya kumi na tisa, moja kwa kila mwaka. Akanunua albamu ya kadibodi ya buluu, ina vitundu vya mviringo, kila kitundu na mwaka wake chini, naye akawa anavijaza kimoja kimoja. Mkewe, Zebunissa, Mungu amrehemu, alikuwa akiiita mke mwenza.

Ukweli wa ile senti Mzee Ali aliujua zamani. Alituambia mara nyingi kiasi kwamba hata mimi niliyekuwa jikoni nikikaanga samaki niliukariri. Yule kwenye senti si Mhindi wa Muheza, na wala si mwenyeji wa Amerika. Ni mwanamke wa Kizungu, sanamu tu, na kwenye utepe wa kichwa chake wameandika neno Uhuru. Wamemvisha manyoya ya wenyewe.

"Unaona, Thobias?" angesema, akimsogezea kioo cha kukuzia. "Mzungu kavishwa manyoya akaitwa Mhindi. Na mimi hapa kila siku naulizwa India kukoje. India sijafika hata uwanja wa ndege!"

"Eeh," Thobias angejibu, macho yamefumba.

Nisimlaumu sana. Thobias alibeba mizigo ghalani mpaka mgongo ukamshinda, na mtu aliyechoka namna ile akikaa kwenye kochi lenye joto, Kiswahili cha kwao kinamwagika sikioni, atafanya nini kingine? Alikuwa akikaa pale kusikia ile sauti. Maneno yalikuwa yakipita tu.

Kisha Zebunissa akafariki, na macho ya Mzee Ali yakaanza kumsaliti. Ni ule ugonjwa unaokula katikati ya jicho na kuacha kingo. Alikuwa akichomwa sindano jichoni, kitu ambacho hata mimi niliyezoea mengi sipendi kukisikia, na daktari akasema sindano zinachelewesha tu, haziponyi. Binti yake, Nazlin, anayekaa Markham, akataka baba yake ahamie kwake. Nyumba nzuri, chumba chake cha chini, bafu lake. Lakini Markham bila gari ni mbali kama Dodoma, wajukuu wanajibu kwa Kiingereza, na mchana kutwa nyumba haina mtu. Mzee Ali alikubali shingo upande. Theluji ikiisha, atahama.

Sharti lake lilikuwa moja. Kwenye albamu kulikuwa kumebaki kitundu kimoja kitupu, cha mwaka elfu moja mia nane sabini na saba. Mwaka huo Wamarekani walitengeneza senti chache, kwa hiyo wenye nazo huringa. Mzee Ali alikuwa ameitafuta tangu wakati wa kibanda.

"Shemeji," aliniambia, "mimi nimechoka. Hata kukusanya kwenyewe kumenichosha, nikisema kweli. Lakini nataka niione imejaa kwa macho yangu haya. Siku moja tu. Kisha wanipeleke wanakotaka."

Nilimwelewa. Wazee ninaowavalisha kazini wengi hawaombi makubwa.

Akapata bahati. Mfanyabiashara mmoja wa Buffalo, ng'ambo ya mpaka, Marekani, alikuwa nayo, kuukuu, imelika kiasi, ya bei ambayo mtu wa pensheni angeweza akijibana. Angekuja nayo Jumamosi kwenye maonyesho ya sarafu, katika ukumbi wa hoteli karibu na uwanja wa ndege, na akaahidi kumwekea mpaka jioni ya siku hiyo. Zikiwa zimebaki siku chache, kliniki ya macho ikapiga simu: sindano imesogezwa, ni Jumamosi hiyo hiyo. Ukiikosa, unasubiri, na macho hayasubiri. Mimi nilikuwa zamu. Akabaki Thobias.

Nilitaka kumwandikia kwenye karatasi. Thobias akang'aka. "Mimi si mtoto wa kutumwa dukani na karatasi!"

"Wewe ndiye uliyemwaga mafuta ya taa," Mzee Ali akamkumbusha.

"Nilipunjwa! Haya, sema. Nichukue nini?"

"Senti ya Mhindi. Sabini na saba. Mtu wa Buffalo."

"Senti ya Mhindi, sabini na saba, Buffalo. Kuna ugumu gani?"

Jioni nilipoingia, Mzee Ali alikuwa ameshatoka kliniki, jicho moja limefunikwa kwa plasta, albamu imefunguliwa mezani kwenye ukurasa wenyewe. Alikuwa amevaa suti. Hakika, suti ile ya kuendea ibada jamatkhana, na tai. Thobias akaingia akiwa ameng'ara kwa baridi na kwa kujisifu.

"Nimempunguza!" akasema hata kabla ya kuvua kofia. "Ulinipa hela nyingi za nini, Ali? Chenji yako hii hapa, karibu yote. Nyie wenye maduka mmezoea kupunjana tu, hamjui kupatana bei."

Akaiweka sarafu kwenye kiganja cha Mzee Ali. Nilimwona mzee akifunga vidole juu yake, na uso ukabadilika kabla hata hajaitazama. Akachukua kioo. Akaisogeza kwenye kona ya jicho zima, maana katikati hapakuwa na kitu tena. Akaigeuza.

"Thobias. Hii ni nini?"

"Senti ya Mhindi. Si mwaka umeuona? Sabini na saba."

"Hii ni robo ana. Pesa ya zamani ya India. Huyu ni Malkia Victoria." Alikuwa akisema polepole, kama anayemsomea mtoto. "Umeinunua kwa nani?"

Ikaja kueleweka. Mlangoni Thobias alikuwa ameuliza sarafu ya Mhindi ya mwaka huo, na kijana wa tiketi, kwa wema wake wote, akamwonyesha kona ya sarafu za India. Hapo alikuwepo mzee wa heshima mwenye kilemba, anaitwa Bwana Bahadur, meza imejaa rupia na ana. Thobias alipomwona tu, moyo ukatulia. Mtu wa Buffalo hakumtafuta tena. Alimwona mwenye mali mwenyewe, na Buffalo kwani hakuna Wahindi? Bwana Bahadur alikuwa nayo ya mwaka huo huo. Wakapatana bei, wakaagana kwa mikono miwili.

Nilishika simu nikampigia yule wa Buffalo. Akasikitika. Alikuwa amesubiri mpaka watu wanakunja meza, mteja mwingine amesimama pembeni, mwisho akampa huyo. Hakuwa na kosa. Nikakata simu, nikasema, "Imekwenda."

Mzee Ali hakupiga kelele. Heri angepiga. Aliishusha robo ana juu ya kitundu, akaisukuma kidogo kwa kidole gumba, haikuingia. Ilikuwa kubwa.

"Miaka yote hii nakuonyesha," akasema. "Nakuwekea kioo mkononi. Hujawahi kuitazama hata moja?"

Hapo ndipo mume wangu alipotakiwa kusema samahani. Mimi namjua: akikosea ndipo anapopandisha sauti.

"Wewe ulisema senti ya Mhindi! Mimi Mhindi ninayemjua ni wewe! Nimeona mtu kama wewe, nimenunua kwake. Ungesema senti ya manyoya, ningekuletea ya manyoya!"

"Sasa ulikuwa ukitazama nini kila Jumamosi?"

"Nilikuwa nakunywa chai."

Mzee Ali akafunga albamu. Akalegeza tai kwanza, kisha akasimama, akapapasa ukuta mpaka mlangoni. Nilitaka kumsindikiza akanikataza kwa mkono. Nilibaki na hasira na wote wawili, na bado nilikuwa na sare ya kazi mwilini. Nilienda kuoga nikalia humo bafuni, sikujua namlilia nani.

Jumamosi iliyofuata hakushuka. Wala ile nyingine. Thobias naye akanuna akajifanya hajanuna. Alikuwa akipika chai ya watu wawili, anaimaliza yote, kisha ananisingizia mimi kwamba sukari inaisha. Nilimwambia apande ghorofa ya tisa aombe msamaha. Akasema lifti mbovu. Nikamwambia ngazi zipo. Akasema mgongo. Mtu mzima akiamua kuwa mjinga humwezi. Na mimi kazini walikuwa wamepungua wafanyakazi, tunawageuza wazee vitandani wawili wawili, nikifika nyumbani sina hata nguvu ya kuwagombeza hawa wangu.

Theluji ikawa matope, matope yakakauka. Siku moja natoka kazini nakuta maboksi kwenye korido ya chini, na gari la Nazlin nje. Ndipo niliposhtuka. Sikuvua hata koti. Lifti ilikuwa imekwama, nikapanda ngazi.

Nazlin alinifungulia, nywele zimefungwa kitambaa, mikono vumbi tupu. "Auntie, come in. Daddy hataki nipaki hiyo album. Mwambie, please. I'm so tired."

"Sote tumechoka, mwanangu," nikamwambia.

Mzee Ali alikuwa kwenye kiti cha mwisho kilichobaki, albamu iko mapajani. Aligeuza uso pembeni, maana ndivyo alivyokuwa akiona watu sasa.

"Shemeji. Umetoka kazini. Nasikia miguu yako inalalamika."

"Inalia kabisa, Mzee Ali. Macho je?"

"Yamekwenda. Nakuona kingo za koti lako, katikati hakuna mtu." Akacheka kidogo, akaacha. "Nilidhani nitakuwa nazipapasa, shemeji. Nilijiambia macho yakiisha nitazitazama kwa kidole. Kumbe zote ni moja." Akapitisha kidole juu ya ukurasa, kutoka kitundu hadi kitundu. "Hii ya mwaka gani? Sijui. Hii? Sijui. Maisha yangu yote yako hapa, na kidole hakijui hii na hii."

Kidole kikaendelea, kikafika mahali kikagonga kitu kilichoinuka. Nikasogea. Juu ya kitundu kile kitupu alikuwa ameibandika ile robo ana, kwa plasta ya kliniki ya macho, upande mmoja imekaa kombo.

"Hii naijua," akasema. "Hii ni ya Thobias."

Nilitaka kucheka nikajikuta nafuta macho kwa mkono wa koti. Yeye akaipapasa tena, kingo zote.

"Bado amenuna?"

"Kama wewe tu."

"Mwambie nataka mtu wa kunisomea. Nazlin ana kazi zake, na Kiingereza chake kina haraka. Mwambie apande leo, kabla hawajanichukua. Na asije kwa ajili ya chai. Birika liko ndani ya boksi."

Nikashuka ngazi zile zote. Nilimkuta Thobias mbele ya televisheni, sauti ameizima. Nilimpa maneno yale kama nilivyoyapokea. Alitafuta viatu. Akapanda mbele yangu, anapumzika kila ghorofa, mkono kiunoni, na mara hii sikusikia habari ya mgongo.

"Nimeambiwa hakuna chai," akasema mlangoni. Hiyo ndiyo ilikuwa samahani yake.

"Hakuna," Mzee Ali akajibu. "Kaa."

Hapakuwa na kiti. Thobias akageuza boksi akalikalia, akachukua albamu na kile kioo cha kukuzia. Akakishika vibaya, karibu mno, kisha mbali mno. Nazlin alikuwa amesimama na utepe wa gundi wa kufungia maboksi mkononi, nikamwashiria aache kwanza. Thobias alikuwa akiitazama senti ya kwanza, kwa muda mrefu, midomo wazi, na kwa mara ya kwanza hakuwa na usingizi.

"Ali," akasema.

"Naam."

"Ngoja kwanza. Huyu si Mhindi." Akasogeza kioo. "Huyu ni mwanamke! Tena Mzungu, bwana, tazama pua. Wamemvisha manyoya tu!"

Nikamtazama Mzee Ali. Maneno yale yale aliyasema mezani kwangu Jumamosi ngapi, nami nikiwa jikoni? Nikangoja amng'akie, na ningemuunga mkono. Yeye akainama mbele, akageuza kichwa pembeni ili angalau apate kumwona rafiki yake kwa kona ya jicho.

"Kumbe!" akasema. "Hebu mtazame vizuri, unieleze."